Skuta Isiyo na Klachi

Bodaboda aliyekuwa akinirudisha nyumbani mchana nikanyonyeshe alikuwa na tabia moja ambayo hata leo nikiikumbuka natafuta kitu cha kumrushia. Nikishapanda tu, anazima pikipiki. "Dada, tungoje mmoja, tunakwenda." Huyo mmoja akija, anakuja na gunia la mkaa. Gunia likishafungwa, anatokea mama mwingine anayejuana na mwenye gunia. Mimi nimebanwa katikati, mbele mgongo wa mwanamume aliyeshinda juani, nyuma mkaa, na maziwa yameshaanza kushuka.

Nilikuwa nafanya kazi Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwenye kibanda cha fotokopi kando ya foleni ya malori. Nyumbani kwetu ni Rubongi, upande wa Tororo. Mtoto hakuwa amefikisha miezi sita, na bosi wangu, ambaye ana watoto wengi na kelele chache, alinipa ruhusa ya mchana: nenda, nyonyesha, rudi. Ruhusa nilikuwa nayo. Usafiri ndio sikuwa nao. Siku moja maziwa yalinishinda kabla hata sijatoka kibandani. Yalipita kwenye sidiria, yakapita kwenye blauzi, yakadondokea karatasi za ajenti mmoja wa forodha zilizokuwa zinangoja kutolewa kopi. Akaziinua kwa ncha za vidole.

"Madam, hii ni nini?"

"Ni chakula cha mtu. Lete nikaushe."

Ningecheka, kama si kilichokuwa kinaendelea nyumbani. Aliyekaa na mtoto ni mama mkwe wangu, na yeye si mtu wa kumsikiliza mjukuu akilia huku mimi niko steji nangoja gunia. Alianza kumpa uji. Kijiko tu, akasema. Baadaye nikaona bakuli. Kliniki walikuwa wametuambia maziwa matupu mpaka miezi sita, lakini kliniki hawakai na mtoto anayelia. Kisha ikaja siku nilipochelewa kupita kiasi. Nilimweka mtoto kifuani, naye akaligeuzia titi kisogo kama mteja aliyeletewa soda ya moto. Mama mkwe akaongea kwa upole, na upole huo ndio uliniudhi zaidi.

"Mwanangu, usijisumbue. Ameshazoea uji. Wiki ijayo tumwachishe kabisa, na wewe ufanye kazi yako vizuri."

Wiki ijayo! Kana kwamba mimi ni duka linalofungwa.

Basi nikaamua kununua chombo changu mwenyewe. Sikutaka pikipiki za gia kama za bodaboda. Nilitaka skuta, ile ndogo ya otomatiki, unapanda na sketi yako, unavuta moto kwa mkono wa kulia, inakwenda. Dada yangu anayeishi Jinja anayo, na kabla sijapata mimba alinifundisha kwenye uwanja wa shule mpaka nikaacha kugonga goli. Akiba ilikuwepo. Nilimpigia simu mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na siku hizo alikuwa njia ya Juba. Kabla hajajibu nikasikia injini ya lori lake ikinguruma.

"Sawa," akasema mwishowe. "Lakini usinunue kitu cha injini bila mwanamume kukijaribu. Nenda na mdogo wangu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwanamke akinunua baiskeli, lazima atafutwe mwanamume wa kubonyeza tairi. Akinunua redio, atafutwe wa kuitikisa. Na shemeji yangu kweli anaheshimika, ni bodaboda wa siku nyingi pale steji ya Rubongi. Shida ni kwamba maisha yake yote amepanda pikipiki za gia, na anaamini Mungu aliumba mguu wa kushoto kwa ajili ya gia.

"Shemeji," nilimwambia tukiwa kwenye taksi kwenda soko la mtumba la Busia, "skuta haina klachi. Mkono wa kushoto ni breki."

"Shemeji, mimi naanza kuendesha pikipiki wewe uko primary, unakunywa uji."

"Usinitajie uji. Nakwambia tu, haina klachi."

"Hakuna pikipiki haina klachi. Wanaficha."

Muuzaji alikuwa kijana wa upande wa Kenya anayeuza vitu upande wa Uganda, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Uwanja wake ulijaa friji, magodoro, mashine za kushonea, na kiti kimoja cha daktari wa meno ambacho sikuuliza kilifikaje. Katikati ya vyote hivyo skuta ilikuwa imesimama inanguruma. Zamani ilikuwa nyekundu. Sasa ilikuwa na rangi ya ufizi.

"Karibu sista! Hii ni kitu safi, haina stori mob, haina shida. Ilikuwa ya hedimasta."

Kila kitu cha mtumba Busia kilikuwa cha hedimasta. Kama ni kweli, basi mahedimasta wa mpaka huu wanalala sakafuni. Nilipomhoji zaidi, ilitokea kwamba aliipata asubuhi ileile kwa kubadilishana na friji. Mwenye skuta aliiwasha, akamkabidhi muuzaji ikiwa inanguruma, akaondoka na friji lake. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuizima.

Nikasema ngoja niijaribu. Muuzaji akamtazama shemeji. Shemeji akanitazama mimi kama mtu aliyeomba kuongoza maombi ya mazishi bila kuitwa, kisha akapanda yeye.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa ule mguu wa kushoto. Uliteremka ukitafuta gia, ukapapasa hewani, ukarudi, ukapapasa tena, kama mguu wa mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Skuta ikazidi kasi. Hapo mazoea ya miaka yote yakamshika mkono: akataka kuingiza gia ya pili, akaibana klachi kwa nguvu zake zote.

Klachi hiyo ilikuwa breki.

Gurudumu la nyuma likafunga, skuta ikalala ubavu kwenye vumbi, na shemeji yangu akaendelea na safari peke yake mpaka kwenye mabeseni ya mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alipoinuka alikuwa na omena kichwani, kwenye kola, na ndani ya gambuti zake.

"Baba wewe!" yule mama akapiga kelele. "Si ungesema tu unataka omena, nikufungie kwenye gazeti?"

Watu wakajaa. Muuzaji akasimamisha skuta, ambayo ilikuwa imezima. Haikuumia, ila iliongeza mkwaruzo mmoja juu ya mingine. Shemeji akajipangusa, akatangaza kwa sauti ya fundi mkuu:

"Klachi imekufa!"

Muuzaji akabonyeza kitufe cha stata. Kimya. Akabonyeza tena. Nami nikajua kwa nini, maana hata ya dada yangu ni hivyo: usipobana breki kwanza, stata haifanyi kazi. Imetengenezwa hivyo isije ikachomoka yenyewe.

"Bana breki, halafu bonyeza," nikasema.

"Madam, pumzika kidogo," akasema muuzaji. "Mafundi wako hapa."

Mafundi hao walikuwa bodaboda wanne waliokuja kutazama ajali. Mmoja akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mwingine akauliza gia ziko wapi. Nikabonyeza honi, ikalia vizuri kabisa. Betri nzima.

"Bana breki," nikasema mara ya pili. "Mkono wa kushoto."

"Shemeji," akasema shemeji, omena mmoja bado amening'inia juu ya sikio, "ngoja wanaume."

Sawa. Nikaenda nikakaa kwenye kiti cha daktari wa meno, nikangoja wanaume.

Wanaume wakaisukuma. Pikipiki ya gia iliyogoma, unaisukuma, ikishika mwendo unaingiza gia, injini inaamka. Skuta haijui mambo hayo. Unaweza kuisukuma kutoka Busia mpaka Mombasa, itakachopata ni vumbi. Waliisukuma mpaka karibu na lango la mpaka, shemeji juu akitafuta gia, wanne nyuma wakiimba ili wapate nguvu, na wapita njia wakivua kofia kwa kudhani ni msiba. Askari mmoja akawarudisha. Wakaisukuma kurudi. Wakapumzika, wakabadilishana wa kusukuma, wakaanza tena. Na kila waliporudi wamelowa jasho, niliona uso wa muuzaji ukizidi kuporomoka, na bei ikiporomoka nao.

Shemeji akampigia kaka yake. "Hii kitu imekufa. Kabisa kabisa. Mimi nasema turudi." Kisha akanipa simu.

"Umesikia?" akauliza mume wangu. "Achana nayo. Tutatafuta nyingine nikirudi."

Akirudi! Safari ya Juba inarudi inapotaka. Wakati huo mtoto atakuwa hajui mimi ni chakula au ni mgeni.

"Nimesikia," nikasema.

"Kwa hiyo unarudi nyumbani?"

"Narudi nyumbani." Hakuniuliza narudi na nini.

Nikashuka kwenye kile kiti, nikamwendea muuzaji. Nilimwambia naitaka hivyohivyo ilivyokufa, kwa bei ya kitu kilichokufa.

"Sista, hapana, hiyo ni bei ya chuma."

"Kwani hii ni nini? Mandazi?"

"Lakini ilikuwa ya hedimasta..."

"Basi mpigie simu hedimasta aje asukume."

Wale wanne wakaangua kicheko, na mmoja wao akamwambia, "Buda, mpe tu. Hiyo kesho kuku watalala juu yake." Shemeji akanivuta pembeni, akanisihi nisiaibishe ukoo kwa kununua maiti. Nikamwambia maiti ni ya kwangu. Nikalipa, tukaandikiana, kadi ya skuta nikaitia kwenye mkoba, na mama wa omena akawa shahidi kwa hiari yake, kwa sababu alitaka kuona mwisho.

Nikapanda. Nikabana mkono wa kushoto. Nikabonyeza stata.

Ikawaka palepale, safi, kama kitu kilichokuwa kinangoja kuombwa kwa adabu.

Mama wa omena akapiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakasimama. Muuzaji akashika kichwa kwa mikono miwili: "Aki sista! Sista, si ungesema!"

"Nilisema mara mbili."

Shemeji akakohoa. "Ilikuwa imepata moto sana," akawaelezea wale wanne. "Sasa imepoa."

Nikamwambia apande twende. Akakataa; yeye abebwe na mwanamke, tena shemeji yake, barabara ya Tororo mchana kweupe? Akaenda kutafuta taksi. Mimi bado naweka mafuta, nikamwona anarudi. Dereva alimkaribisha, abiria wakamnusa, akashushwa kabla gari halijaondoka. Akaniuliza, akitazama kando, kama helmeti niliyoikuta chini ya kiti cha skuta ina mwenyewe. Bodaboda huyu hajawahi kuvaa helmeti maishani mwake. Anasema inazuia mawazo. Siku hiyo aliivaa, akashusha kioo chake cheusi mpaka kidevuni, akapanda nyuma yangu. Mimi nilikuwa nimekuja na yangu.

Tulikwenda. Upepo ulikuwa unanijia mbele na omena nyuma. Jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba, likatokea mbali, likakua, na jua likapanda, na mbele ya blauzi yangu madoa mawili yakaanza kuchora mipaka yake. Kila kilima nilivuta moto zaidi. Kila nilipovuta, nilihisi nyuma yangu mguu mmoja unasukuma chini, unatafuta gia kwa ajili yangu.

Ili kufika nyumbani lazima upite steji ya Rubongi. Wenzake wote walikuwa pale, wamelala juu ya pikipiki zao.

"Mama, umebeba nani huyo?" mmoja akaita.

"Mzigo wa omena!"

"Vuta moto, shemeji," ikanong'ona helmeti. "Tafadhali, vuta moto."

Nikavuta, lakini sauti ilitufuata: "Jamani! Hizo gambuti nazijua!"

Shemeji alishukia nyuma ya kanisa, akamalizia kwa miguu. Mimi nikaingia na skuta mpaka mlangoni.

Mama mkwe alikuwa barazani, mtoto mapajani, bakuli la uji pembeni, kijiko kimeshainuliwa nusu njia. Nikaacha skuta, nikavua helmeti, nikanawa mikono hadi kwenye viwiko kwa sababu ya ile harufu, nikamchukua mtoto bila salamu. Ni utovu wa adabu, najua. Nilifungua blauzi.

Akageuza uso.

Nikambembeleza, akageuza tena, akaelekeza mdomo kwenye kijiko. Mama mkwe hakukishusha. Nikaminya kidogo. Maziwa, ambayo yalikuwa yamengoja tangu Busia, hayakudondoka. Yaliruka, yakampiga shavuni, mengine jichoni. Akashtuka. Akatoa ulimi, akalamba yaliyofika mdomoni, akafikiri. Kisha akalitafuta titi mwenyewe, akaling'ang'ania kwa nguvu na hasira hivi kwamba nilipiga ukelele. Alikuwa na jino moja, na nilijua hilo siku hiyo.

Alinyonya upande huu, nikamgeuza, akanyonya upande ule. Mama mkwe alitutazama mpaka kijiko kikamchosha mkono.

"Kesho," akasema, "nisimpikie?"

"Usimpikie, mama. Mchana niko hapa."

Akalitazama bakuli. Akaitazama skuta pale mlangoni, inalia tik-tik ikipoa. Kisha akauonja ule uji, akauongezea sukari, akaanza kuunywa yeye mwenyewe.