Nyuma ya Pazia la Mama Mkwe

Miaka ile ya tisini, soko huria lilipoingia, maduka ya dawa yalichipuka kila kona mtaani kwetu Mkuyuni. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka kwake Kiseke huku tumbo likimsokota, akapitia duka mojawapo, akauziwa vidonge vya gesi, akavimeza vyote. Kesho yake asubuhi mke wangu akamleta hospitali nilikokuwa daktari msaidizi. Daktari wa upasuaji alikuwa Ukerewe, na meli ya kumrudisha ilikuwa ya kesho. Wodini tulikuwa mimi na nesi mmoja.

Kwetu Wasukuma, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumgusa. Tukikutana njiani, mmoja wetu huacha njia. Kwa hiyo nilisimama nyuma ya pazia la kitanda, nikauliza maswali kupitia kwa mke wangu. Anatapika? Anatapika. Choo je? Hapati tangu juzi, hata upepo hautoki, na tumbo limejaa.

Tumbo likifunga namna hiyo, kwanza unafunua kinena utafute ngiri iliyonasa, yaani utumbo uliojipenyeza hapo ukabanwa. Wanafunzi waliosahau jambo hilo niliwakaripia mbele za watu. Nilikuwa na mdomo mkali sana kwa makosa ya wenzangu.

Nikamtuma nesi amkague. Mama akang'ang'ania khanga yake.

"Bonyeza tumbo, mwanangu. Huko chini hakuna kitu."

Nesi akabonyeza tumbo, akaja kuniambia linauma kote. Ningeweza kumwamuru afunue. Lakini niliona haya hata kulitamka neno kinena wakati mama ananisikia. Nikaandika vidonda vya tumbo, nikaagiza dripu, nikaondoka pale. Na kusema kweli, nilishukuru kwamba yamekwisha.

Daktari alifika kesho yake saa nne. Alifunua shuka mara moja tu. Kwenye kinena cha kulia palikuwa na uvimbe mdogo, haufiki hata yai la kuku. Hakunigombeza. Aliniangalia, kisha akaita machela. Utumbo ulionasa ulikuwa umeshakuwa mweusi. Akakata kipande, akaunga, ila sumu ilikuwa imeshasambaa mwilini. Mama alifariki siku ya tatu, mchana, wakati wa kuona wagonjwa.

Mke wangu hakuniuliza kitu. Laiti angeuliza. Matanga yalipokwisha, alikaa Kiseke akikunja khanga za mama yake, mimi nikiwa mlangoni, kwa sababu hata hizo sikuruhusiwa kuzishika.

"Mama alinipa salamu zako wakati wanampeleka kupasuliwa," akasema. "Nilisahau."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Mwambie mkwe wangu nashukuru. Amenistahi mpaka mwisho.'"

Aliyasema hayo kwa fahari, machozi yakimtoka. Nami hadi leo, tumeshazeeka pamoja, sijaweza kumwambia kwamba heshima hiyo ndiyo iliyomuua mama yake.