Mshauri wa Busunzu asiyeruhusiwa kushika koleo

Saa mbili asubuhi, Busunzu, wilayani Kibondo. Esteri Niyonkuru amesimama nyuma ya ghala la ushirika wa maharage, mikono kaifungia mgongoni. Kaifungia makusudi! Mbele yake fundi Claude anachimba mtaro wa kufukia waya wa mtandao, kutoka ofisini hadi ghalani.

"Mama Ange, chukua koleo basi, naona unateseka," Claude anamtania, akimwita kwa jina la bintiye.

"Weee! Nikishika tu, mkataba umevunjika!"

Ndiyo kazi yake mpya hiyo, jamani. Baada ya miaka kumi na tano ya ufundi wa mkataba, akihangaika na kompyuta za watu hadi Kasulu mjini, Esteri, miaka 41, kapata kazi ya kwanza ya mshauri mwelekezi. Fundi anavuta waya alivyoelekezwa. Mshauri anatazama, anauliza, anaandika ripoti, basi. Hagusi kitu, maana hawezi kukagua kazi ya mkono wake mwenyewe.

Saa nne ripoti inafika kwa viongozi wa ushirika. Wakiikataa, anarudi kwenye ngazi, kuvuta waya za watu.

Si kwamba ngazi anaichukia. Akitaja Mtabila, kambi ya wakimbizi iliyofungwa mwaka 2012, sauti inalainika. Alianzia pale, kwa shilingi elfu nane kwa siku.

"Kila mlango unasalimiwa 'bwakeye' kwa Kirundi, chai unapewa hata mfuko wa vifaa hujafungua. Kompyuta zote za pale nilizijua kwa mlio."

Kisha akaja mshauri kutoka mjini, akachora waya upite hewani kati ya ofisi mbili, chini sana, mtu anaufikia kwa mkono. Esteri aliona kitakachotokea. Akauvuta, kimya. Kufika Ijumaa waya umebeba mashuka ya nusu kambi! Ukakatika asubuhi ya kuandikisha wakimbizi, mtandao ukapotea, watu wakashinda juani na kadi zao mkononi.

"Niliambiwa nivute, sikuambiwa niseme," anasema.

Ndiyo maana hapa Busunzu kaandika waya ufukiwe. Nani ataanika shuka chini ya udongo?

Claude anaegemea jembe. "Mama, hapa mvua zikianza akina mama wanalima. Jembe litaukata."

Esteri anatazama. Agosti hii pamekauka, peupe kama uwanja wa mpira.

"Umejua lini?"

"Tangu Jumanne."

"Mbona hukusema?"

"Niliambiwa nichimbe, mama."

Esteri anachomoa kalamu, anafuta kwenye ripoti yake neno la kufukia waya palepale, amepiga goti kwenye vumbi.

Saa nne mwenyekiti, Bwana Mudathiri, anageuza ukurasa uliochafuka. "Mshauri gani huyu anajifuta mwenyewe?"

"Fundi wako kanisahihisha, bwana. Waya upite juu, kwenye nguzo ndefu, asiufikie mtu. Jina lake nimeliandika hapo chini."

Mudathiri anasoma tena, taratibu. "Claude Havyarimana," anatamka. Kisha anaomba muhuri wa kuipitisha.

Sasa Esteri anapanga kufungua ofisi ndogo ya ushauri Kasulu, na ukurasa wa kwanza wa kila ripoti uwe wa maneno ya fundi wa mahali. Koleo lake la Mtabila, lenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, kamwachia Claude.

"Nimempa kwa sharti moja," anasema, akilitazama kwa mara nyingine. "Akiona nimekosea, apige kelele."