Bujiku na Uyoga wa Duarani

Bujiku nilimshuku tangu siku ya kwanza. Mwanaume gani anagonga mti kwa ngumi, anaunusa, kisha anauchokonoa kwa kisu? Lakini ndiyo kazi yake hapa machimboni Kharumwa. Ni fundi wa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara, shimo la dhahabu, zisiwaporomokee wachimbaji. Mimi nauza chai na maandazi juu ya duara la Edson, na mdogo wangu Fredy anachimba humo ndani. Kwa hiyo mambo ya matimba yananihusu, asinibishie mtu.

Masika haya uyoga ulichomoza kwenye timba moja huko chini. Vijana wakafurahi, mboga imejileta yenyewe. Edson, mwenye duara, akaukwangua kwa panga, akapaka oili chafu, akatangaza kwamba mti umepona. Bujiku akakataa katakata: kazi isimame, matimba ya upande ule yabadilishwe.

Maneno yakaanza. Eti amehongwa na duara la jirani, wanaofukuzia mwamba uleule. Eti shemeji yake anauza miti Ushetu. Nami nilisadiki, tena nikaongeza chumvi.

Akaja jikoni kwangu kujieleza. Alisema kile kilichokwanguliwa ni tunda tu, uyoga wenyewe umo ndani ya mti, nyuzi nyeupe zinazoutafuna kimyakimya. Akanionyesha kipande cha uyoga alichokilaza juu ya nailoni nyeusi tangu jana yake. Kilikuwa kimeacha vumbi jeupe, laini kuliko unga. Hizo ndizo mbegu zake, zinapeperuka hadi timba lingine. Wala si mmea, maana haujitengenezei chakula kwa jua, ndiyo sababu hata gizani unastawi. Ukoo wake, akasema, ni ukungu wa ugali uliolala, pamoja na hamira ya maandazi yangu. Hapo akaniudhi. Hamira yangu imeingiaje humo? Mtu akijieleza hivyo, ujue ana lake jambo.

Asubuhi Fredy akajifunga kamba, taa kichwani. Bujiku akafika, akamwamkia Edson kwa adabu zote, akaketi kwenye benchi langu na kikombe chake.

"Bosi, leo tangulia wewe," akasema. "Kaa chini ya timba lile mpaka nimalize chai hii. Ukipanda salama, nafunga mizigo yangu leoleo."

Edson akacheka. Akachungulia shimo. Akasema goti linamsumbua. Goti gani, na jana alicheza mpira na vijana mpaka jua linazama?

Fredy akavua taa, akamwekea Edson mkononi, akafungua kamba kiunoni. Nikaiokota kamba ile, nikaikalia.

Kazi ikasimama. Bujiku alisimika matimba mapya kwanza, ndipo akalipandisha lile la zamani. Fredy alilipokea kwa mikono miwili, likamegeka kama skonzi. Nikamwongezea Bujiku chai, ingawa bado sipendi anavyonusanusa miti.