Kitambaa cha Kubebea

Usiku kucha niliwaza: siku yangu ya kwanza kuongoza wageni makumbushoni, niwaambie watoto watakaokuja nini juu ya mitungi na nguo za milima ya Andes, ambako sijafika? Asubuhi nilifungua kabati la kitambaa cha huko cha kubebea watoto. Kilikuwa na harufu ya moshi, na mara nilikuwa tena mtoto, sokoni Sakania, mgongoni kwa nyanya yangu, natafuna pembe ya kitenge chake yenye chumvi.

"Mama, shusha ule mutoto, iko na miguu," muuza samaki alimtania.

"Leo miguu yake iko mu congé, inapumzika," nyanya akajibu.

Watoto walipoingia, niliwakaribisha kwa furaha. Niliacha karatasi yangu ya maelezo mezani, nikafungua kitenge changu kiunoni, nikambeba nacho mgongoni mdogo kuliko wote. Kabla sijageuka, alikuwa ameshaanza kutafuna pembe ya kitenge.