Kreti la Mjomba Laurenti

Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi seremala kuagiza kabati. Nilipoingia tu karakanani, harufu mbili zilinipokea kwa pamoja: ya mninga uliokatwa muda ule ule, na ya mavi ya kuku aliyejitengenezea kiota kwenye lundo la maranda pembeni. Fundi akaniomba radhi kwa ajili ya yule kuku. Nilimwambia asijali, ila kama ana kiti anipe nikae kidogo. Alidhani nimechoka na jua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudi Rusimbi, mtaa wetu wa Ujiji, uani kwetu, nikiwa mtoto wa darasa la nne.

Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa kuku. Kila baada ya wiki mbili alipanda boti kwenda vijiji vya kusini, kule milima ya Mahale inakoanza kuonekana, akanunue kuku wa kienyeji aje awauze Ujiji. Baba alifanya kazi kwenye chumvi Uvinza, akija nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo mambo ya kuku yalikuwa ya mama na mimi. Mama alinunua, mimi nilinywesha maji, nikatenganisha majogoo waliogombana, nikafagia uwanja. Shuleni wenzangu walisema wananijua kwa harufu kabla sijafika. Sikuona aibu sana, maana siku ya Idi wao ndio waliokuja kwetu kuchagua.

Kuku wale walisafiri ndani ya matenga, yale makubwa ya fito, ya mviringo, yenye mdomo mwembamba. Tenga ni zuri likiwa limejaa na limekaa peke yake. Likiwa tupu, linachukua nafasi ile ile. Na miaka ile nafasi kwenye maji ilikuwa shida. Watu walikuwa wanavuka kutoka kila upande wa ziwa wakikimbia vita, na boti nyingi zilikuwa zimechukuliwa kuwabeba. Zile chache zilizobaki kwenda kusini ziliondoka zimejaa hadi watu wanakaa kwa zamu. Nahodha wa boti ya mama, mtu mpole ila mwenye sauti ya kugombana, alimwambia mbele ya abiria wote:

"Mama Zubeda, matenga yako matupu yamekalia nafasi ya watu sita. Nimewaacha ufukweni akina mama wenye watoto. Safari ijayo siyabebi."

Hakuwa anatania. Safari iliyofuata aliyabeba kwa kumhurumia, lakini wakati wa kurudi aliyapanga mawili juu ya mawili, na mizigo ya samaki wakavu juu yake. Walipofika mwaloni, pale boti zinaposhushia mizigo, kuku wote wa matenga ya chini walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa. Kwetu nyamafu hailiwi wala haiuzwi. Tuliwafukia nyuma ya migomba, mama anachimba, mimi nafukia. Alipomaliza alinawa mikono, akakaa kizingitini, akasema kana kwamba anaongea na mtu mwingine kabisa, "Basi. Biashara hii imenishinda."

Aliyemjibu alikuwa Mjomba Laurenti.

Huyu Mjomba Laurenti alikuwa anakaa kwenye kile chumba cha uani ambacho zamani baba aliwekea nyavu. Alikuja kwetu na begi moja la nguo na boksi moja la vyombo vya useremala, randa, patasi, nyundo na msumeno uliofungwa kwa gunia. Mama alituambia sisi na majirani kwamba ni kaka yake kutoka Kasulu. Hakuna aliyeshangaa. Mama alizaliwa Kasulu kwa Wakristo, akasilimu alipoolewa Ujiji, na kila mtu alijua kwamba ndugu zake bado wanakwenda kanisani. Tena Kiswahili chake mzee kilikuwa na mkokoto ule ule wa Kiha wa mama akikasirika. Alisema "ego" pale tulipotarajia "ndiyo," na "oya" pale alipokataa. Ni mara moja tu, tukiwa wawili, alipoponyokwa na maneno akaniambia kwamba kwao Burundi, ng'ambo ya mpaka, aliwahi kutengeneza viti vya kukunja vya kanisa zima. Niliuliza kwani kwao si Kasulu. Akanituma maji.

Siku ile ya kufukia kuku alitoka chumbani kwake, akasimama mbele ya mama na kusema, "Dada, nipe kuku mmoja."

"Wa kuchinja?"

"Oya. Wa kupima."

Nilimkamatia jogoo. Mzee alichukua uzi, akampima jogoo kama fundi cherehani anavyompima bwana harusi: kutoka miguuni hadi mgongoni, kutoka mgongoni hadi kwenye upanga wa kichwa, upana wa kifua, unene wa shingo. Kila kipimo alifunga fundo. Yule jogoo alikuwa mkorofi, lakini kwa mzee alitulia, akageuza jicho moja kumtazama, halafu jingine. Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Mzee alieleza mpango wake polepole, huku akichora mchangani. Alitaka sanduku la fito za mbao, lenye kuta nne zinazosimama wakati kuku wamo na kulala chini wakiwa hawamo, ili makreti sita yakikunjwa yakae mahali pa tenga moja. Nafasi kati ya fito na fito iwe nyembamba kiasi cha kuku kutoa mdomo lakini asitoe kichwa, maana akitoa kichwa atanyongwa mzigo ukisogea. Urefu wa kwenda juu umruhusu kukaa na kuinuka kidogo, asisimame wima, kwa sababu kuku aliyesimama hutupwa na wimbi. Na juu ya kila kreti kuwe na vipande viwili vya mbao, ili likipangwa juu yake kreti jingine, pabaki upana wa vidole vinne vya kupitisha upepo.

Kwanza alilitengeneza kwa karatasi ngumu. Karatasi hiyo ilikuwa majalada ya madaftari yangu mawili, na mwalimu wa hesabu alinipa adhabu ya kung'oa magugu kwa ajili hiyo. Halafu akalitengeneza kwa mbao nyepesi za yale masanduku yaliyoletewa misaada, ambayo sokoni Buzebazeba yaliuzwa kama kuni. Bawaba za kwanza zilikuwa za ngozi ya ndala kuukuu. Zilioza kwa mavi ya kuku ndani ya wiki. Akakata vipande vya tyubu ya gari, akavipigilia mbao kwa mbao, na hivyo ndivyo vilivyofaa.

Kabla kuku hawajaingia, niliingia mimi. Mzee aliniambia nijikunje ndani, akatikisa kreti huku na huku, akauliza, "Kuku anaonaje?" Nikasema kuku anaona giza kidogo na kuna msumari unamchoma. Akautoa ule msumari, akaniambia nibaki humo humo. Hapo ndipo kuta zilipoanguka. Zilijikunja zote kwa ndani, zikanibana kama karanga ndani ya ganda, na mama akaja mbio akidhani nimevunjika.

Ilikuwa kasoro kubwa. Kitu kilichotengenezwa ili kikunjike hakikujua ni wakati gani kisikunjike. Siku tatu mzee hakugusa mbao. Alikaa akilitazama kreti, akilisimamisha na kulilaza. Aliweza kuzuia kuta fupi zisianguke ndani, kwa kuzisimamisha katikati ya zile ndefu ili zisukumane. Lakini mzigo ukija juu, kuta ndefu zilitanuka kwa nje, na kifuniko kikadumbukia.

Siku ya nne nilikuwa naosha vyombo. Nilifunika mkebe wetu wa unga, na mfuniko ukaushika mkebe kwa nje, pande zote, kwa ule ukingo wake mfupi. Nikasema, wala sikuwa nafikiria sana, "Mjomba, kwa nini kifuniko cha kreti kisishike kwa nje kama hiki?"

Akaja akauchukua mkebe mkononi mwangu. Akaufunika na kuufunua, akaufunika na kuufunua, unga unaruka. "Ego," alisema. "Ego, ego!" Jioni ile ile alipigilia ukingo wa mbao nyembamba kuzunguka kifuniko. Kikishuka kilizikumbatia kuta zote nne, na kadiri mzigo ulivyokizidi, ndivyo kilivyozibana. Mama alisimama juu yake. Mimi nilisimama juu yake pamoja na mama. Kreti halikutikisika.

Basi tangu hapo nilijiona fundi. Mzee mwenyewe alinipa kichwa, kila aliyekuja uani aliambiwa, "Kifuniko ni cha Zubeda."

Alitengeneza makreti sita. Mama alipanda nayo boti yakiwa yamekunjwa, yamefungwa kamba moja kama madaftari, na nahodha akayaweka chini ya benchi bila kufungua mdomo. Siku ya kurudi nilikwenda mwaloni kumpokea. Kuku wote walikuwa hai. Mtetea mmoja alikuwa ametaga njiani, na yai lilikuwa zima. Nahodha alisahau ugomvi wake, akaita watu waje waone, na mama akaniambia, "Waonyeshe."

Niliinua kifuniko, nikatoa kuku, nikalaza kuta fupi, nikalaza ndefu, nikafunika. Watu wakapiga makofi. Nikalisimamisha tena, wakapiga tena. Mama aliinama nyuma yangu akifungua kamba za makreti mengine. Bwana mmoja aliyevaa shati jeupe alichuchumaa karibu yangu, akagusa zile bawaba za mpira.

"Kazi nzuri. Nani aliyetengeneza?"

"Mjomba Laurenti. Lakini wazo la kifuniko ni langu."

"Hongera sana. Mjomba wako alijifunza wapi ufundi wa namna hii?"

Nilikuwa nimejaa sifa hadi kooni. Nikasema, "Kwao Burundi. Alitengeneza viti vya kukunja vya kanisa zima."

Yule bwana akanishukuru, akaondoka. Hakuwa na sura mbaya. Mpaka leo sijui kama ni yeye aliyepeleka habari au ni mtu mwingine aliyesikia pale.

Wiki ile kulikuwa na msako wa wakimbizi wanaoishi nje ya kambi. Walikuja kwetu asubuhi, watu watatu, mzee akiwa anapiga randa. Mama alisimama mbele yao, akasema huyu ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja, mzaliwa wa Kasulu. Alisema kwa ukali kiasi kwamba nami niliamini. Mmoja akamgeukia mzee kumuuliza jina la kijiji na la mtemi wa zamani wa huko. Mzee aliweka randa chini.

"Dada, usijitie matatani," alisema. "Mimi ni mkimbizi, jamani. Niacheni nifunge vyombo vyangu."

Walimwacha afunge. Akakung'uta vumbi, akaviweka kimoja kimoja ndani ya boksi. Aliponipita aliniambia tu nisiruhusu mtu aufupishe ukingo wa kifuniko, hata kama mbao ni haba. Nilikuwa nimeelewa kila kitu kwa mara moja.

Sikumwambia mama. Majirani waliuliza ni nani aliyechongea, na mama alijibu kwamba dunia ina masikio mengi. Nami nilikonda. Niliacha kuwachezea kuku. Nilipopita karibu na makreti nilitazama pembeni.

Baada ya miezi miwili mama alinipeleka kambini. Kambi yenyewe ilikuwa upande wa Kasulu, na siku za soko wenyeji waliingia kuuza na kununua. Tulipanda lori na kreti moja, ndani majike watatu na jogoo. Tulimkuta mzee mbele ya nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai, amezungukwa na mabenchi ya kukunja ya shule ya watoto. Alikuwa amepungua, lakini alicheka alipotuona.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako si mwongo tena. Sasa kweli mimi ni mtu wa Kasulu."

Mama akacheka, akachukua kopo, akasema anakwenda kuwatafutia kuku maji. Akakawia sana. Tulibaki wawili, mzee akikagua bawaba za kreti, mimi nikikagua vidole vya miguu yangu, mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Mjomba, ni mimi niliyesema. Mwaloni. Nilisema kwenu ni Burundi."

Alifunga kifuniko, akakifungua.

"Walikuuliza nani katengeneza?"

"Ndiyo."

"Sasa ulitaka useme limejitengeneza lenyewe?" Halafu akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye harufu ya mbao, akauacha hapo mpaka nilipomaliza kulia.

Alikaa kambini miaka mingi, kisha akarudi kwao na wenzake. Aliandika barua moja kusema amefika salama na ana karakana. Baada ya hapo hatukupata habari zake tena.

Mama aliendelea na biashara hadi magoti yalipomkataza. Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipomwambia, kwa kuchelewa kabisa, kwamba mimi ndiye niliyemponza mzee. Alikuwa anachambua mchele. Hakusimamisha mikono.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nyuma yako nafungua kamba."

"Kwa nini hukusema kitu, mama?"

"Ningesema nini? Mimi ndiye niliyekufundisha kumwita mjomba, wala sikukwambia sababu. Ulikuwa mtoto."

Akaendelea na mchele wake. Nilikaa pale nikiitazama tena siku ile ya kambini, ambayo kwa miaka yote nilidhani naijua. Bomba la maji lilikuwa pale pale, nyumba ya tatu kutoka kwa mzee. Tulilipita wakati tunaingia, na halikuwa na foleni.