Upande wa Kulia wa Gari la Loris

Ermes Zanasi alikuwa amechoka kushikishwa magari. Haukupita mwezi bila mtu kugonga kengele ya nyumba yake nje kidogo ya Modena huko Italia, leo Mjerumani, kesho tajiri fulani wa Milano, gari jekundu limefunikwa nyuma ya lori, na haja yao ni moja: mzee apitishe viganja juu ya bodi aseme kama gari ni lenyewe au limepikwa. Zamani jambo hilo lilimvimbisha kichwa. Sasa alikuwa amevuka themanini, magoti yamekwisha, sikio moja limeziba kabisa, na alitamani siku moja mtu agonge kengele amletee vitunguu tu aende zake.

Aliingia karakana ya Righetti akiwa bado hajaota ndevu. Righetti alitengeneza magari ya mbio, machache, ya wazi, ya viti viwili, na hakuwa na mashine yoyote ya kukunja bati. Kulikuwa na gogo la mti, mfuko wa mchanga, nyundo za mbao na bati la alumini, basi. Gari moja lilipewa mafundi wawili, kila mtu na upande wake. Kushoto kulikuwa kwa Loris Malagoli, kulia kwa Ermes. Ndiyo maana magari ya kweli ya enzi zile hayalingani pande mbili. Madigadi moja imenyanyuka upana wa kidole, nyingine imelala, kwa kuwa watu wawili hawawezi kuwa na mkono mmoja. Waghushi wa siku hizi hupima kwa mitambo yao, wakatoa pande zinazofanana kama mapacha, halafu wanashangaa wanakamatwaje.

Loris alikuwa mcheshi, mwimbaji, mwepesi wa kununulia watu divai. Ermes alikuwa mashoto na mkimya, hana subira na mtu. Waligonga bati bega kwa bega mpaka Righetti akafunga, wakafungua gereji yao, wakazeeka humo. Walisimamiana harusi. Hata uziwi waliupata pamoja, maana kazi ile haimwachi fundi na masikio yake, na baa nzima ya kijiji chao ilijaa mafundi wa bodi waliostaafu wakipigiana kelele kama watu wanaogombana, kumbe wanaulizana habari za mboga.

Kisha wakaacha kusemeshana, miaka ishirini na ushei.

Kisa kilikuwa gari. Moja kati ya magari waliyoyagonga ujanani lilipondeka vibaya kwenye mashindano ya mlimani, na kila mtu alijua limeishia kwenye chuma chakavu. Walipokwisha kustaafu, majirani wakaanza kusikia nyundo ghalani kwa Loris, mchana kutwa. Uvumi ukaenea kwamba analifufua lile gari lililokufa. Ermes hakwenda kuuliza. Alingoja saa ya karata, baa imejaa, akasimama na kusema kwa sauti ya kiziwi kwamba Loris Malagoli anapika gari la magumashi, atawauzia wageni aseme ni lile la Righetti, na kwamba anaghushi mpaka mkono wa mwenzake. Loris aliziweka karata zake mezani, akalipa kahawa yake, akatoka. Hakukanyaga tena baa ile. Jina la mghushi lilimganda, na watu waliokuwa wakimletea kazi ndogo ndogo wakawa wanapita mbele ya geti lake bila kusimama. Gari lenyewe hakuliuza wala hakulionyesha kwa mtu. Alilifunika turubai, akafa majira ya kuchipua yaliyopita. Siku ya maziko Ermes alisimama nje ya kanisa, hakuingia.

Kwa hiyo Nives, mjane wa Loris, alipompigia simu mwezi wa Novemba, Ermes alidhani amesikia vibaya kwa sikio lile bovu.

"Shemeji, kesho uje ghalani," alisema Nives. "Nimemwita mtu wa ile jumuiya ya magari ya kale. Anataka na wewe uwepo."

"Unauza?"

"Niuze nini? Mimi mwenyewe nina siku za kuhesabu. Nataka waseme ni la kweli au si la kweli, nijue nazikwa kama mke wa nani."

Alikwenda kwa miguu kwenye ukungu, pole pole, akijichukia. Kama gari ni lenyewe, basi Loris alikuwa ameokota mabaki na kuyatengeneza kwa haki, na yeye Ermes amemchafua mtu mwema. Kama si lenyewe, anakwenda kumvunja moyo mwanamke aliyempikia supu ya tortelini kila Krismasi kwa nusu ya maisha yake. Alijaribu kufikiria njia ya tatu, hakuiona. Angekuwa na magoti ya kukimbilia, angerudi nyumbani.

Nives alikuwa mlangoni, fimbo mkononi.

"Umekonda, shemeji."

"Ni ukungu huo, na wewe huoni vizuri."

"Bado una ulimi," alisema Nives. "Ingia. Buti zako pangusa."

Turubai lilikuwa limekwisha kuvuliwa. Dada mmoja wa makamo, Ilaria Bonfanti wa ile jumuiya, alikuwa chini ya gari kwenye kigodoro, miguu tu ndiyo inaonekana. Alitoka, akajifuta mikono, akamsalimu Ermes kwa kumpa kiganja chenye grisi, na Ermes akampenda kwa hilo.

"Mzee Ermes, nisikufiche," alisema. "Chasisi si ya zamani hizo, hilo nimeshalimaliza. Lakini nyinyi mlikuwa mkihamisha bodi kutoka chasisi moja kwenda nyingine, na hii bodi inanichanganya. Pande zinapishana kabisa kama zenu. Sijawahi kuona mtu akaighushi kombo yenu akaipatia."

"Kombo yetu," alisema Ermes. "Asante."

"Nilikuwa nasifu."

"Najua. Hebu zima hiyo taa, inanisumbua."

Alianza kushoto. Hakuwa na haja ya kushika sana. Tangu kiganja kilipogusa mteremko wa madigadi ya mbele alijua yuko na Loris, ile haraka yake mwanzoni, halafu ile subira ya ghafla karibu na taa, mtu anaimba huku anagonga. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na wale wanawake wawili wakamwacha.

Kisha akazunguka kulia, akakutana na mkono wake mwenyewe. Mgongo wa madigadi ulilala chini kidogo, kama alivyoulaza siku zote. Ukingo wake juu ya tairi ulikunjwa kuanzia mbele kwenda nyuma, kinyume cha mafundi wote wa Modena, maana mashoto ndiye anayeanza huko. Ni lenyewe, alijiambia. Ni lenyewe, na mimi ni mtu wa hovyo.

Kwa mazoea tu, si kwa shaka, aliinama kwa tabu akapenyeza mkono ndani ya madigadi, upande usiopakwa rangi, mahali nyundo huacha alama zake. Alama za mashoto hulalia upande mmoja, za anayetumia mkono wa kulia upande wa pili, na hakuna fundi anayeweza kuzigeuza hata akitaka. Alizipapasa. Zote zilikuwa zimelala upande usio wake. Akazifuata mpaka mwisho, akarudi, akazifuata tena.

Mkono ukamtangulia wenyewe mpaka nyuma ya mlango, mahali ambapo duniani ni watu wawili tu walipajua. Gari lile la kweli walilimaliza wiki ambayo Ermes alimzika baba yake. Aliambiwa apumzike, akakataa, akagonga sehemu moja kwa hasira mpaka alumini ikavutika na kuvimba kama chapati. Mashindano yalikuwa Jumapili, muda wa kuanza upya hakuna. Loris alikoroga puti, ule uji wa kuzibia kasoro za bodi, akaipaka pale, akaisugua kwa msasa mpaka ikalala, akampiga mwenzake bega akisema hakuna atakayejua. Na kweli, hakuna aliyejua. Ermes aliona aibu ya uvimbe ule maisha yake yote. Kazi moja mbovu, na ndiyo iliyokimbia mbele ya watu.

Sasa alibonyeza mahali pale, akabisha kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio lake zima. Bati tupu. Hakuna puti, hakuna uvimbe. Palikuwa pamepita mstari mmoja safi, ule ambao angeutoa yeye mwenyewe kama asingekuwa na msiba.

Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Sema," alisema Nives.

"Si lenyewe, shemeji. Lote kaligonga Loris. Na upande wangu."

Nives hakulia. Aliishika fimbo kwa mikono yote miwili, akatazama sakafu.

"Basi walisema kweli," alisema. "Mimi nilimuuliza mara moja tu. Akaniambia hili ni gari la mimi na Ermes. Nikaamini."

"Ngoja kwanza. Sijamaliza."

"Umalize nini tena?"

"Kuna kasoro yangu kwenye gari la kweli. Hapa, nyuma ya mlango. Yeye ndiye aliyenifichia, kwa puti, hatukumwambia mtu." Alionyesha mlango kwa kidole. "Loris alijua hili gari likitoka hapa, mtu wa kwanza kuitwa alishike ni mimi. Angetaka kughushi, angenidanganya mimi. Na kunidanganya mimi ilikuwa rahisi, aiweke ile kasoro tu. Ningeapa mbele ya kanisa kwamba ni lenyewe. Mwenzangu hakuiweka. Kainyoosha."

Ilaria alikuwa amepiga magoti akipapasa mahali pale. "Chombo changu cha kupimia kilinionyesha hakuna puti," alisema taratibu. "Nikaona ni dalili njema tu. Sikujua kwamba lile la kweli lilikuwa nayo."

"Ungejuaje?"

"Kwa nini lakini afanye hivyo?" aliuliza Nives.

Ermes alilitazama gari. Alikuwa akimwona Loris peke yake ghalani, anazunguka gari, anagonga upande wake kwa namna yake, kisha anahamia upande wa pili na kujilazimisha kugonga kwa namna ya mtu mwingine, aliyemtukana mbele ya kijiji. Alikuwa akimtengenezea rafiki yake upande ule upya, kama ulivyostahili kuwa, na rafiki yake hakuja hata kuchungulia dirishani. Ermes aliufunika uso kwa mikono yake, nayo ilinuka grisi ya yule dada.

"Nitaandika bodi ni kazi ya Loris Malagoli, pande zote mbili," alisema Ilaria. "Si ya Righetti, ila si ghushi. Mtu hawi mghushi kwa kitu ambacho hakudanganya nacho."

"Andika, mwanangu, nashukuru," alisema Nives. "Lakini karatasi yako hapa kijijini ataisoma nani? Neno halikutoka kwenye karatasi."

Hakumtazama Ermes aliposema hivyo. Hakuwa na haja.

Ilikuwa inakaribia saa ya karata. Ermes alikokota miguu mpaka baa, akipumzika kila penye ukuta. Baa ilikuwa imenunuliwa na familia ya Kichina, kahawa ni bora kuliko ya zamani, na nyuso nyingi hakuzijua. Wafanyakazi wa kiwanda cha vigae walikuwa wakinywa wakiwa wamesimama, kina mama wawili walikuwa na mifuko yao, vijana wanatazama simu. Waliokuwepo siku ile walikwishakwenda makaburini, isipokuwa Ottorino, fundi wa bodi kama wao, aliyekuwa akicheza karata na Loris meza moja siku aliyotukanwa. Alikuwa palepale kwenye kona yake, na kifaa cha kusikilizia kimening'inia sikioni.

Ermes alivuta kiti. Alichoka mpaka kwenye mifupa, na alitaka jambo lipite haraka.

"Otto," alisema kwa sauti ya chini, karibu na sikio lake. "Loris hakughushi lile gari. Nilimsingizia."

"Nini?"

"Nasema Loris hakughushi. Nilimsingizia."

"Huku hakusikiki. Betri imekwisha."

Ermes aliangalia kule kwenye kaunta. Hapakuwa na namna. Alishika ukingo wa meza, akasimama juu ya magoti yake yale, akasema kwa sauti yote aliyokuwa nayo kwamba Loris Malagoli hakuwahi kughushi kitu maishani mwake, na kwamba yeye Ermes Zanasi alisema uongo humu ndani, na watu wakamwamini.

Vijana waliacha simu zao. Mama mmoja wa makamo karibu na mlango, ambaye Ermes alimkumbuka tangu akiwa msichana wa jirani yake Loris, aliweka kikombe chini na kumtazama.

Ermes akaketi. Ottorino alikuwa anachanganya karata, bila haraka.

"Nilikusikia mara ya kwanza," alisema. "Ila siku ile ulipomtukana ulisema kwa sauti kubwa hivyo."