Risasi ya Kummaliza Larsen

Ukimpa Baudouin redio iliyokufa, kwanza aliinusa. Alisema kitu kilichoungua hakiwezi kuficha harufu. Huko Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alikuwa amenusa redio za watu kwa karibu miaka kumi, akipasha chuma chake cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, maana umeme ulikuwa unapita mbali kama ndugu aliyenunua gari. Mteja aliyeridhika alilipa kwa maharagwe, asiyeridhika alilipa kwa matusi. Baudouin alikuwa na akiba nzuri ya vyote viwili.

Kabla ya vita kumsukuma kuvuka mpaka, alikuwa Bukavu, fundi wa redio za upepo za malori, zile ambazo dereva hubonyeza maiki akaongea na mwenzake aliye mbele barabarani. Kazi aliifunzwa kwa Kifaransa, na Kifaransa hakikumtoka. Vitu vyote vya redio vilikuwa na majina ya kule.

Mwaka 2009 sifa zake zikamfikia Faruku, mfanyabiashara wa Mbarara mwenye malori mawili ya ndizi na yadi yake Nyamityobora. Redio ya lori moja ilikuwa inapiga mayowe. Dereva akibonyeza maiki tu, wiiiii! mpaka mbuzi wa mtaani wanasimama kutazama. Mafundi wawili wa mjini walikuwa wameshaigusa. Mmoja alishauri inunuliwe nyingine, wa pili alishauri iombewe.

Sisi tuliokuwa tunashinda pale yadini kwa kukosa kazi tulimsikia Faruku kwa masikio yetu.

"Fundi, nyamazisha hii kitu, na kile chumba cha pembeni ni chako. Leta mke wako, mkae hapa, utengeneze redio zangu na za watu."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya matairi, tena chenye paka mkali, lakini kilikuwa na soketi ukutani. Baudouin aliitazama ile soketi kama bwana harusi. Hakungoja hata kufungua redio. Alimpigia simu mkewe, Anne, akamwambia aanze kufunga vitu.

Kisha akaenda kwenye duka la vipuri la Zuhurah, dada yake Faruku, pale pale getini. Akauliza kama ana etani.

"Etani ni dawa ya nini?" Zuhurah akauliza.

Baudouin akaonyesha kwa mikono: waya laini, unauyeyusha, unashikisha waya na waya.

"Aa! Si useme risasi? Sisi kwetu Bukoba tunaita risasi."

"Risasi," Baudouin akarudia, akifurahi kama mtu aliyepewa jina jipya. Kwao Kongo zinazotoka kwenye bunduki ni masasi, kwa hiyo neno lilimwingia likiwa safi, halina tone la damu.

Alianza kazi asubuhi iliyofuata. Alikaa ndani ya kebini, akabonyeza maiki, akasikiliza mayowe akiwa amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Ni Larsen tu, Hajji," akamwambia Faruku.

"Larsen nani?"

"Larsen! Sauti inatoka mu spika, inaingia mu maiki, inarudia mu spika tena. Iko inazunguka."

"Sasa kwa nini isiitwe mzunguko?"

"Sijui, Hajji. Bazungu ndio baliita hivyo."

Chuoni walitufundisha jambo hilo, nadhani, katika moja ya zile wiki ambazo sikwenda.

Alipunguza sauti. Mayowe yakapungua, na maneno yakapungua nayo. Akaitoa spika nyuma ya kichwa cha dereva, akaihamishia chini ya kiti. Nafuu kidogo. Akakwangua kutu pale waya unaposhikana na bodi ya gari. Bado. Ndipo akakumbuka kitu: ukibonyeza maiki, spika inapaswa kunyamaza yenyewe, na hii haikunyamaza hata kidogo. Akapasua ngozi ya waya wa maiki, na pale shingoni, madereva walipozoea kuunyonga kwenye kioo, akakuta uzi mmoja mwembamba umekatika.

Akashikanisha ncha mbili kwa vidole vya mkono wa kushoto. Akabonyeza kwa wa kulia. Kimya. Kimya kitamu. Lori la pili, lililoendeshwa na Twinomujuni, lilikuwa limesimama Kakiika, kwenye kizuizi cha askari, likingoja kujaribiwa.

"Twino, uko unanisikia?"

"Nakusikia kama uko ndani ya sahani yangu!"

Basi Baudouin akapagawa kwa furaha. Akabonyeza tena, akahakikisha ule ukimya, na bila kuachia kidole, vidole vya kushoto vikiwa bado vimebana ncha za waya, akageuza kichwa dirishani, akapaza sauti kuelekea dukani:

"Mama Zuhurah! Munipatie risasi mbio mbio, nimumalize huyu Larsen! Niko nimemushika hapa, asikimbie!"

Sauti ilikuwa safi kuliko ya mtangazaji. Kule Kakiika, Koplo Jovan alikuwa ameegemea mlango wa Twinomujuni akimsimulia habari za ng'ombe wake. Akawaacha ng'ombe njiani, akaita wenzake, akamwamuru Twinomujuni awaongoze ilikotoka ile sauti.

Zuhurah alileta risasi. Baudouin alilehemu, akafunga utepe, akajifuta jasho. Alikuwa anashuka kwenye lori wakati pikapu ya askari ilipoingia yadini nyuma ya lori la Twinomujuni.

"Nani iko na Larsen?" Koplo akapiga kelele.

Baudouin akainua mkono, meno yote nje. "Ni mimi, afande! Nimeshamumaliza!"

Wakamlaza kifudifudi kabla hajafunga mdomo.

"Mwili iko wapi?"

"Mwili ya nani, afande?"

"Ya muzungu!"

"Larsen si mutu, afande! Ni kelele ya mu redio!"

"Kelele nafanya nini mpaka wewe napiga yeye risasi?"

Zuhurah akaja mbio na kile kibunda cha waya, akiapa kwa Mungu kwamba risasi ni hiyo. Jovan akakishika, akakipima mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kukutana na Larsen.

"Sawa. Onyesha mimi hiyo kelele."

Baudouin akainuka, akapanda kebini, akabonyeza maiki. Kimya. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Akarudisha spika nyuma ya kiti, akaileta maiki karibu nayo, nusura ziguse. Hakuna kitu. Kazi yake ilikuwa nzuri mno.

"Mimi nangoja," Jovan akasema.

Faruku alimtazama Baudouin, Baudouin akatazama kile chumba cha pembeni. Halafu akachukua koleo na kuukata uzi alioulehemu.

Wiiiii! Askari wawili wakaziba masikio. Jovan akacheka hadi akakohoa, akampiga Baudouin begani.

"Kumbe kweli! Pole, ssebo. Shuka, shuka." Alipokwisha kujifuta machozi akamgeukia Faruku. "Hajji, sasa hii redio mbili iko na ruhusa?"

Hazikuwa nayo. Faruku alikuwa hajajua kwamba upepo nao huombewa ruhusa. Redio zote mbili ziling'olewa pale pale, zikapakiwa kwenye pikapu, ile yenye mayowe na ile isiyo na kosa.

"Fundi," Faruku akasema baada ya vumbi kutua, "nilikuita unyamazishe."

"Nilinyamazisha, Hajji."

"Najua. Sasa redio sina, fundi wa redio wa nini?"

Baudouin alirudi Rubondo akamkuta Anne ameshafunga godoro, masufuria amegawia wenzake wa kanisani, na shamba amemwachia jirani yao, Nyirabizimana. Akaenda kuliomba. Nyirabizimana alimsikiliza mpaka mwisho na kumwonea huruma kweli kweli.

"Pole sana, papa. Lakini nimekwisha kupanda."

Alikubali, hata hivyo, kumpa kibarua. Tulipopita huko baadaye tulimkuta Baudouin ameinama katika shamba lake mwenyewe, akipalilia mahindi ya mtu, na Anne amekwenda kuazima sufuria.